Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutunza na Kubadilisha Cheni ya Baiskeli, Masika, Vuli na Kiangazi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeitegemea baiskeli kila siku: anayebeba abiria Shinyanga au Kisumu, anayepeleka maziwa kutoka kijijini, mwanafunzi anayekwenda shule ya mbali, na hata mwenye baiskeli ya gia aliyoinunua mtumbani. Kila jibu linajitosheleza, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

1. Cheni ya baiskeli imeundwa na nini?

Cheni ni mfululizo wa pingili zilizounganishwa kwa pini. Kila pingili ina mabamba mawili ya chuma, na katikati yake kuna rola ndogo inayokaa kwenye nafasi kati ya jino na jino la gia. Pini hupita ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma, au ndani ya kingo ndogo iliyoumbwa kwenye bamba lenyewe katika cheni za kisasa, na hapo ndipo cheni hujikunja kila inapozunguka. Umbo hili la rola na bushi lilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, nalo halijabadilika sana tangu wakati huo.

Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa karibu baiskeli zote zinazouzwa kwetu. Katika ukurasa huu, tunapohesabu pingili, tunahesabu kwa nusu inchi hiyo.

2. Je, cheni hurefuka kwa sababu chuma kimevutika?

Hapana. Nguvu ya miguu haitoshi kuyavuta mabamba ya chuma yakarefuka. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi husagana, kila kiungo kinapata mwanya mdogo, na mianya hiyo ikijumlishwa kwenye cheni yenye pingili 112 inaonekana kama urefu ulioongezeka. Msagano wa chuma kwa chuma kilichopakwa mafuta ni mdogo sana. Unaoiua cheni ni mchanga na vumbi vilivyoingia ndani, vikachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa wa majimaji.

Jambo hili ndilo msingi wa majibu yote yanayofuata. Mafuta yanahitajika ndani, kwenye pini. Nje hayana kazi kubwa zaidi ya kuzuia kutu, na yakizidi huko nje yanakusanya uchafu ambao baadaye huingia ndani. Mwenye kuiona cheni yake nyeusi, nene na inayong'aa kwa mafuta asifikiri kwamba imetunzwa.

3. Nitajuaje cheni yangu ni ya aina gani?

Tazama idadi ya gia za nyuma. Baiskeli yenye gia moja, kama zile ndefu za breki za vyuma zinazojulikana kwa jina la Phoenix au Black Mamba, hutumia cheni pana ambayo nafasi ya ndani, kati ya bamba na bamba, ni inchi 1/8. Baiskeli zenye gia 5 hadi 8 nyuma hutumia cheni ya inchi 3/32. Zile zenye gia 9, 10 au 11 hutumia cheni ambazo upana wake wa nje unazidi kupungua: takriban milimita 6.6 kwa gia 9, karibu 6 kwa gia 10, na 5.5 kwa gia 11.

Cheni pana inaweza kukaa kwenye meno membamba, lakini haitapita vizuri kwenye kifaa cha kuhamisha gia. Cheni nyembamba haiwezi kabisa kukaa kwenye meno mapana. Unapokwenda dukani, chukua cheni ya zamani mkononi, kwa sababu maelezo ya mdomo huleta makosa mengi.

4. Cheni mpya inapaswa kudumu muda gani?

Hakuna idadi moja ya miezi wala ya kilomita. Cheni pana ya gia moja iliyofunikwa na kava hudumu zaidi sana kuliko cheni nyembamba iliyo wazi, na mwendeshaji wa barabara ya lami hawezi kujilinganisha na anayepita kwenye mchanga kila siku. Pima badala ya kukisia. Njia imeelezwa katika swali la 16.

## Kusafisha na kutia mafuta

5. Nitumie mafuta gani?

Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya cheni za baiskeli ndiyo bora, lakini nje ya miji mikubwa hayapatikani kwa urahisi na bei yake ni kubwa. Mafuta ya cherehani ni mbadala mzuri wakati wa kiangazi: ni mepesi, huingia haraka hadi kwenye pini, na hayakusanyi vumbi kwa wingi, ingawa hukauka au kuoshwa mapema, hivyo ni lazima yarudiwe mara kwa mara. Oili mpya ya injini ni nzito zaidi na hustahimili mvua, kwa hiyo inafaa masika, mradi cheni ifutwe vizuri baada ya kupakwa.

Mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu si mafuta ya cheni. Yanafaa kufukuza maji na kulegeza kiungo kilichoganda, kisha huondoka upesi na kuiacha pini kavu. Ukiyatumia, fuatisha mafuta halisi.

6. Gereji ya jirani hunipa oili chafu bure. Je, kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Oili iliyotolewa kwenye injini imebeba masizi, chembe za chuma na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta. Chembe hizo ndizo tunazojitahidi kuziweka mbali na pini. Zaidi ya hayo, oili hiyo ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani endapo ngozi itaguswa nayo mara kwa mara kwa miaka, na fundi au kijana anayeipaka kwa vidole kila siku ndiye anayeumia. Kiasi cha oili safi kinachohitajika kwa cheni moja ni kidogo mno. Kichupa kidogo kinatosha kwa muda mrefu. Haifai kabisa kuokoa fedha mahali hapa.

7. Vipi kuhusu mafuta ya kula, grisi, au mafuta ya nazi?

Mafuta ya kula ya mimea hugeuka kuwa ulimbo yakikaa hewani, na baada ya wiki chache cheni inakuwa nata na ngumu. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za baridi na hayakai kwenye chuma. Grisi ni nzuri sana, lakini kwa beringi na gololi. Ikipakwa juu ya cheni haifiki ndani kwenye pini, bali hubaki nje na kushika kila punje ya mchanga. Ukilazimika kabisa na huna kingine njiani, tone la mafuta ya kula ni afadhali kuliko cheni inayolia kwa ukavu, lakini ioshe utakapofika nyumbani.

8. Ni njia gani sahihi ya kutia mafuta?

Kwanza futa. Shika cheni kwa tambara kavu upande wa chini, zungusha pedeli kinyumenyume, na uendelee kubadilisha sehemu ya tambara hadi weusi upungue. Kisha weka tone moja juu ya kila rola, kwa upande wa ndani wa cheni unaogusa meno, ukizungusha polepole hadi umerudi ulipoanzia. Kuweka alama ya chaki kwenye pingili ya kwanza kunasaidia. Zungusha tena kwa dakika moja au mbili ili mafuta yaingie, na ikiwezekana iache baiskeli usiku kucha.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi: futa tena, kwa nguvu, hadi nje ya cheni iwe karibu kavu ukiigusa kwa kidole. Hutayaondoa mafuta yaliyokwisha kuingia ndani.

Baiskeli ambayo breki yake ni ya kukanyaga pedeli nyuma haiwezi kuzungushwa kinyume. Inua gurudumu la nyuma na uzungushe mbele taratibu. Kwa vyovyote vile, anayefuta ndiye azungushe pedeli kwa mkono wake mwingine. Vidole vya watoto vimeumia mara nyingi kwa sababu mmoja alikuwa akifuta na mwenzake akizungusha.

9. Je, niioshe kwa mafuta ya taa au petroli?

Tumia mafuta ya taa au dizeli. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata ukiwa mbali na jiko, na hakuna usafi wa cheni unaostahili hatari hiyo. Fanya kazi nje, mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Kama cheni inafunguka, itie kwenye kopo lenye mafuta ya taa, itikise, isugue kwa mswaki wa zamani, kisha itikise tena. Kama haifunguki, chovya mswaki na usugue ikiwa kwenye baiskeli, lakini usiruhusu mafuta ya taa yatiririkie kwenye friwili (gia ya nyuma) au habu (kitovu cha gurudumu), kwa kuwa yatayeyusha grisi ya ndani.

Iache cheni ikauke kabisa juani kabla ya kutia mafuta, la sivyo mabaki ya mafuta ya taa yatayafanya mafuta mapya kuwa mepesi na kuondoka mapema. Mafuta ya taa machafu yasimwagwe chini, hasa karibu na kisima au bustani. Yaache kwenye chupa iliyofungwa na kuandikwa, mbali na watoto. Baada ya siku kadhaa tope litashuka chini na sehemu iliyo safi juu inaweza kutumika tena.

Kuosha kwa namna hii si kazi ya kila wiki. Kwa matumizi ya kawaida, kufuta kama ilivyoelezwa katika swali la 8 kunatosha, na kuosha kamili kubaki kwa mwisho wa kila msimu au pale mchanga unaposikika ukisaga.

10. Cheni mpya imekuja na grisi nata. Niiondoe?

Usiiondoe. Grisi ya kiwandani imeingizwa hadi ndani ya pini kwa namna ambayo ni vigumu kuirudia nyumbani. Futa nje kwa tambara kavu, funga cheni, na uanze kutia mafuta pale itakapoanza kulia.

## Cheni na majira

11. Wakati wa kiangazi cheni yangu hulia ingawa ninaipaka mafuta kila mara. Kwa nini?

Huenda ni kwa sababu hiyo hiyo ya kuipaka kila mara bila kuifuta. Vumbi jekundu la Dodoma na Singida, au lile laini la udongo wa volkano katika tambarare za Arusha, hunyonya mafuta ya nje, hutengeneza ukoko, na ukoko huo huzuia mafuta mapya yasifike kwenye pini. Mwenye baiskeli husikia kelele, anaongeza mafuta, ukoko unanenepa, na kelele hurudi siku ya pili.

Wakati wa ukavu, kanuni ni mafuta kidogo na tambara zaidi. Futa cheni kila siku mbili au tatu, hata kama huna mpango wa kutia mafuta. Tumia mafuta mepesi, na uyatie jioni badala ya asubuhi kabla ya kuondoka, ili yawe yameingia na kufutwa kabla ya kukutana na vumbi. Mchanga uliokauka juu ya cheni uondolewe kwa mswaki mkavu kwanza, kabla ya kitu chochote chenye majimaji kuigusa.

12. Na wakati wa masika na vuli?

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, masika huwa kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati na kusini mwa Tanzania mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Kwa cheni, tofauti ya jina la msimu si kitu. Maji ya mvua huosha mafuta, na maji yanayoruka kutoka kwenye tairi hubeba mchanga hadi kwenye rola. Madhara makubwa hutokea usiku, wakati baiskeli imeegeshwa ikiwa na maji ndani ya viungo.

Kwa hiyo, ukifika nyumbani umelowa, kabla hujaingia ndani, ifute cheni kwa tambara kavu huku ukiizungusha. Kazi hiyo haichukui dakika tatu. Kama cheni imejaa tope, imwagie maji safi kwanza, ifute, iache ikauke, kisha utie oili iliyo nzito kidogo. Kutia mafuta juu ya maji ni kuyafungia maji ndani.

Kutu nyepesi ya rangi ya machungwa inayotokea asubuhi baada ya mvua si msiba. Huondoka kwa tambara lenye mafuta. Dalili ya kuogopa ni unga mwekundu unaotoka kwenye viungo vyenyewe cheni inapozunguka, kwa sababu huo unatoka kwenye pini. Cheni ya namna hiyo iloweke kwenye mafuta ya taa, ikunje pingili moja moja, na kama baadhi zinabaki ngumu, ibadilishe.

Kama umevuka maji yaliyofunika habu, shida si ya cheni pekee. Gololi za habu na za pedeli nazo zinahitaji kufunguliwa na kupakwa grisi mpya.

13. Njia yetu ni udongo mweusi wa mbuga. Tope huganda hadi gurudumu halizunguki. Nifanyeje?

Udongo huu, unaojulikana sana na watu wa Shinyanga na Simiyu, hushikamana na kila kitu na ukikauka huwa mgumu mno. Usilazimishe kukanyaga pedeli. Cheni iliyojaa tope hupanda juu ya meno, na hapo hukatika au kupinda jino. Shuka, utoe tope kwa kijiti kati ya tairi na foko na kwenye gia kubwa ya mbele, na kama hali ni mbaya sana, ibebe baiskeli hadi palipo pagumu. Ukifika, ondoa tope likiwa bado bichi. Likikauka, lilainishe kwa maji kwanza badala ya kuligonga.

14. Ninaishi pwani. Kwa nini cheni inapata kutu hata wakati mvua haijanyesha?

Kwa sababu ya chumvi. Upepo wa bahari, uwe kaskazi au kusi, hubeba matone madogo ya maji ya chumvi ambayo huganda juu ya chuma. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kuufanya uso wa cheni usikauke kabisa, huku kloridi iliyomo ikiongeza kasi ya kutu. Nyumba iliyo karibu na ufuo, iwe Tanga, Lamu au Unguja, huharibu cheni iliyoegeshwa karibu sawa na ile inayotumika.

Mafuta yakiwekwa juu ya chumvi hayaiondoi. Kwa hiyo pwani mpangilio hubadilika: osha kwanza kwa maji baridi ya kisima au ya bomba yasiyo na chumvi, futa, kausha juani, kisha tia mafuta na uache utando mwembamba sana nje. Anayepita ufukweni maji yakipwa, kama wengi wanavyofanya Paje na Jambiani, anapaswa kufanya hivyo siku ileile, asisubiri kesho. Visima vya karibu sana na bahari huwa na maji ya chumvichumvi, navyo havifai kwa kazi hii.

Unaponunua cheni pwani, chagua iliyopakwa nikeli au iliyotiwa kinga ya kutu hata ikiwa bei imezidi kidogo. Kwa maoni yangu, pwani ndipo mahali pekee ambapo gharama hiyo hurudi waziwazi.

15. Je, baridi ya kipupwe inaathiri cheni?

Kidogo sana. Hata kwenye nyanda za juu kama Njombe, ambako jalidi huonekana Juni na Julai, mafuta ya kawaida hayagandi kiasi cha kuzuia cheni. Umande na ukungu wa asubuhi ndio wa kuangaliwa. Usilaze baiskeli nje.

Nimesikia kwamba nta ya mshumaa inaweza kuchukua nafasi ya mafuta. Ni kweli?

Ni kweli, na wakati wa vumbi ni njia nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa nta iliyokauka hainasi mchanga. Masharti yake ni mawili. Cheni ioshwe hadi isibaki mafuta yoyote, na iweze kufunguka kwa urahisi.

Vunja mishumaa ya kawaida ndani ya kopo, kisha kopo liwekwe ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu ikipata joto kupita kiasi huwaka. Itie cheni iliyokauka, iache hadi mapovu yaishe kutoka, kisha itoe kwa waya na kuining'iniza. Ikipoa itakuwa ngumu. Ikunje kila kiungo kwa mkono kabla ya kuifunga. Masika nta haifai, kwa sababu haizuii kutu, na safari moja ya mvua inatosha kukurudisha mwanzo.

## Kupima, kukaza na kubadilisha

16. Nitapimaje kama cheni imechakaa?

Tumia futi ya fundi seremala yenye inchi. Vuta cheni ikaze, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, na uhesabu pingili 24. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Idadi iwe shufwa siku zote, kwa kuwa katika cheni yenye bushi uchakavu huonekana kwenye pingili za nje tu.

Ikisoma inchi 12 na 1/16, cheni imechakaa kwa takriban asilimia 0.5; kwa baiskeli ya gia nyingi huo ndio wakati wa kuibadilisha. Ikisoma inchi 12 na 1/8, imefika takriban asilimia 1. Hapo hata cheni pana ya gia moja imemaliza kazi yake. Kwa wasio na futi, kuna kipimo cha kubahatisha: ivute cheni mbele, mbali na gia kubwa, kwenye jino lililo katikati ya upande wa mbele. Ikiinuka hadi ukaona karibu nusu ya jino, imechelewa.

17. Cheni inapaswa kulegea kiasi gani, na inakazwaje?

Kwa baiskeli ya gia moja, katikati ya cheni iweze kupanda na kushuka kwa sentimita moja hadi mbili. Gia nyingi za mbele si duara kamili, kwa hiyo geuza pedeli na upime mahali kadhaa, kisha ukadirie kwa kutumia sehemu iliyokaza zaidi. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huchosha mguu na kuua gololi za habu.

Kukaza ni kulegeza nati za ekseli ya nyuma, kulivuta gurudumu nyuma kwa usawa pande zote mbili, na kukaza tena. Kwenye baiskeli zenye breki za vyuma, gurudumu likirudi nyuma, vipande vya breki havigusi tena rimu mahali pake. Virekebishe kabla ya kupanda. Kukaza cheni na kuondoka bila kuangalia breki ni kosa la hatari, hasa kwa anayebeba abiria au magunia kwenye mteremko.

18. Fundi alikata pingili mbili ili cheni ikaze. Je, alinisaidia?

Alikusaidia kufika nyumbani. Cheni hairuki tena kwa kulegea, lakini kila pingili iliyobaki bado ni ndefu kuliko nafasi kati ya jino na jino, kwa hiyo rola hupanda kwenye ncha ya jino na mzigo wote kubebwa na meno machache. Meno hayo huchongoka kama pezi la papa, na ukija kununua cheni mpya itakuwa imechelewa: utanunua na friwili, na pengine gia kubwa ya mbele pia, ambayo kwenye baiskeli nyingi za gia moja imeunganishwa na kranki, yaani mkono wa pedeli.

Kwa cheni ya pingili 112, uchakavu wa asilimia 1 huongeza urefu wa milimita 14 hivi, yaani gurudumu hurudi nyuma milimita 7. Ikiwa limeshafika mwisho wa nafasi yake na lilianza mbele, pima kama ilivyo katika swali la 16 kabla ya kukubali kukatiwa chochote.

19. Nimefunga cheni mpya na sasa inaruka nikikanyaga kwa nguvu. Cheni ni mbovu?

Mara nyingi cheni haina kosa. Meno ya friwili yamelingana na cheni ya zamani iliyochakaa, na cheni mpya yenye kipimo sahihi haikai humo. Kwenye baiskeli ya gia nyingi, kuruka hutokea kwenye gia ndogo unayoitumia zaidi. Badilisha friwili. Kurudisha cheni ya zamani kutaondoa kuruka, na unaweza kufanya hivyo kwa makusudi kama bajeti hairuhusu, ukijua kwamba safari ijayo utanunua vyote kwa pamoja.

20. Ninawezaje kujua urefu sahihi wa cheni mpya, na inafungwaje?

Njia rahisi ni kuilaza sambamba na ya zamani na kuhesabu pingili. Usilinganishe kwa urefu wa macho, kwa sababu ya zamani imerefuka. Kama ya zamani haipo, kwa gia moja zungusha cheni kwenye meno yote mawili huku gurudumu likiwa karibu na mwanzo wa nafasi yake, ili libaki na nafasi ya kurudi nyuma. Kwa baiskeli ya gia nyingi, zungusha cheni kwenye gia kubwa kuliko zote mbele na kubwa kuliko zote nyuma bila kuipitisha kwenye kifaa cha kuhamisha gia, tafuta mahali ambapo ncha mbili zinaweza kuunganishwa, kisha ongeza pingili 2.

Cheni pana hufungwa kwa loki, yaani pingili ya kuunganishia, yenye klipu. Upande wa klipu uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea, na ule ulio wazi ufuate nyuma. Klipu ikigeuzwa, kijiti au jiwe linaloigusa linaweza kuing'oa. Cheni nyembamba za gia 9 na kuendelea zisifungwe kwa kurudisha pini ileile iliyotolewa. Tumia loki inayolingana na idadi ya gia, au pini mpya iliyokuja na cheni.

## Hali zisizo za kawaida

21. Cheni ikikatika safarini, nifanyeje?

Kama una kifaa cha kutolea pini na loki ya akiba, ondoa pingili iliyovunjika pamoja na ile inayofuata, kisha unganisha. Cheni itakuwa fupi kwa inchi moja. Kwenye gia moja, sogeza gurudumu mbele. Kwenye gia nyingi, usitumie tena gia kubwa mbele pamoja na kubwa nyuma, kwa sababu cheni inaweza kuvunja kifaa cha kuhamisha gia. Loki ya akiba ni nyepesi na inaingia mfukoni, hivyo anayesafiri mbali hana sababu ya kuiacha. Cheni iliyokatika mara moja bila kugongwa na kitu huenda ikakatika tena mahali pengine.

22. Je, ninaweza kutumia kipande cha cheni ya pikipiki?

Hapana. Cheni ya namba 428 inayotumika kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ina umbali uleule wa nusu inchi kati ya pini na pini, na ndiyo maana watu huijaribu, lakini upana wake wa ndani ni inchi 5/16, zaidi ya mara mbili ya ule wa cheni pana ya baiskeli, na rola zake ni nene zaidi. Itayumba pembeni na kuharibu meno.

23. Kava ya cheni inasumbua. Niitoe?

Iache, na kama imepinda, inyooshwe. Kava huzuia maji na vumbi, na huzuia pia kanzu, kanga na baibui visinaswe kati ya cheni na gia, ajali ambayo humwangusha mwendeshaji ghafla. Kava iliyofunika cheni yote ina kasoro moja: huficha. Ifungue mwanzoni na mwishoni mwa mvua, kwa sababu tope lililoingia ndani haliwezi kutoka lenyewe.

24. Baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono inatunzwa tofauti?

Kanuni ni zilezile, lakini mambo mawili yanaongezeka. Kwenye nyingi za baiskeli hizi, cheni hushuka kutoka kwenye pedeli za mikono hadi gurudumu la mbele, kwa hiyo iko katika njia ya tope linaloruka na iko karibu na mikono na nguo za mwendeshaji. Mafuta yawe machache sana na kufuta kuwe kwa kila siku wakati wa mvua, na kinga ya bati au plastiki iwekwe kama haipo. Pili, cheni ndefu iliyoungwa kutoka cheni mbili ina loki mbili au zaidi. Kagua kila klipu, si moja tu, na cheni inapochakaa vibadilishwe vipande vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu kipande kipya kikiungwa na cha zamani vitavuta kwa vipimo tofauti juu ya meno yaleyale.